Giaboksi ya Gari Kuukuu na Dawa za Chupa

Barabara itokayo Uyole, Mbeya, hupanda milima ya Rungwe, ikapita Kiwira na Tukuyu, kisha ikateremka kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa. Mji wa Tukuyu uko kwenye kimo cha meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya meta 500. Tuchukue Land Rover kuukuu yenye tungamo la kilo 2,000 pamoja na ndizi na abiria wake. Ikishuka meta 1,000, nishati inayotolewa ni 2,000 × 10 × 1,000, yaani jouli 20,000,000. Joto hilo latosha kuchemsha lita 60 hivi za maji baridi. Likiachiwa breki peke yake, breki zaweza kupata moto mno na kushindwa kushika. Ndiyo maana dereva mzoefu huingiza gia ndogo mapema, ili injini isaidiane na breki. Je, gia ikikataa kuingia?

Wenye magari ya zamani, wasikiapo meno ya gia yakikwaruzana, huvutwa na dawa za chupa zinazoongezwa katika oili ya giaboksi. Dawa hizo husifiwa kwamba hupunguza msuguano. Sifa hiyo yaweza kuwa ya kweli. Bali tujiulize kama kila msuguano ni adui.

Meno ya gia zinazozunguka kwa miendo tofauti hayawezi kuingiana bila kugongana. Ili kuondoa taabu hiyo, mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta sokoni sinkromeshi, chombo kilichobuniwa na Earl Thompson. Katika muundo wake wa kawaida, pete ya aloi ya shaba husukumwa ikabana sehemu ya gia yenye umbo la pia. Msuguano kati yao hulazimisha miendo ilingane, ndipo meno huingiana kimya. Land Rover Series II ilikuwa na sinkromeshi katika gia ya tatu na ya nne tu. Series III, iliyotoka mwaka 1971, ilikuwa nayo katika gia zote za mbele.

Sasa jambo li wazi. Meno ya chuma yahitaji utelezi, lakini pete ya shaba yahitaji kushika. Dawa yenye grafiti au molibdenamu disulfaidi ikiingia kati ya pete na gia, pete huweza kuteleza na mkwaruzo ukazidi. Aidha, oili nyingine zina michanganyiko ya salfa na fosforasi, inayofanya utando wa kulinda chuma chini ya shinikizo kubwa. Salfa iliyo tendaji hushambulia shaba. Kwa sababu hiyo giaboksi nyingi za zamani hufaa oili ya daraja la GL-4, ilhali GL-5, yenye viongezo vingi zaidi, hukusudiwa hasa difu ambazo meno yake husuguana kwa nguvu.

Hatusemi kwamba viongezo vyote ni vibaya. Oili nzuri hutoka kiwandani ikiwa navyo tayari, kwa kipimo kilichojaribiwa. Kosa ni kuongeza kwa kubahatisha. Pete iliyokwisha haiponi kwa oili, nayo dawa nzito inayonyamazisha kelele huficha ugonjwa tu. Asubuhi ya baridi ya Tukuyu, unato wake hufanya gia ziwe ngumu zaidi.

Walimu waweza kuonyesha jambo hili maabarani. Sugua vipande viwili vya waya wa shaba mpaka ving'ae. Tia kila kimoja katika neli yenye oili tofauti, kisha weka neli hizo ndani ya maji yanayochemka kwa saa tatu. Usipashe oili moja kwa moja kwenye moto. Linganisha rangi: waya ulioingia weusi umeshambuliwa zaidi. Tukuyu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Wanafunzi waeleze sababu.

Kabla ya kununua dawa, basi, mwenye gari akague kiasi cha oili na rangi yake. Oili iliyogeuka kama maziwa imeingiwa na maji, jambo la kutazamiwa katika nchi ya mvua nyingi. Aimwage, aweke ile iliyotajwa katika kitabu cha gari, na mkwaruzo ukiendelea amwite fundi afungue giaboksi kabla ya safari ya kuteremka Kyela.