Maalim wa maktaba na nasaba zetu

Juzi tulimsomea khitma mzee tuliyekuwa tukimwita Maalim. Nyumba ilijaa. Upande wetu wa wanawake walikuwako watu wa Mji wa Kale, wa Majengo, Wadigo kutoka Likoni, na mama mmoja Mkristo wa Kisauni aliyelia kuliko wengi wetu. Msichana aliyeketi karibu nami akaniuliza, "Shangazi, kwani huyu mzee alikuwa nani?" Nikamwambia alikuwa mkutubi. Nilimwona hakuridhika, ndipo nikaona heri nieleze.

Maalim hakuwa na shahada. Kazi yake ilikuwa kupanga vitabu katika maktaba ndogo ya mtaani. Lakini alisoma Kiswahili cha hati za Kiarabu kama wewe unavyosoma ujumbe wa simu, na alijua karatasi za mji huu zimewekwa wapi. Waliomwendea walikuwa wa aina mbili. Wengine walikuwa na shida: ofisi fulani imewaambia walete ushahidi wa babu ndipo wapewe kitambulisho, au wana kesi ya shamba. Wengine walitaka tu kujua wametoka wapi. Na tuseme kweli, wengi wa hawa walitaka kuambiwa wametoka Yemen au Oman.

Ukifika, hakufungui kitabu. Atakuuliza, "Nyanya yako mzaa mama amezikwa wapi?" Ukishindwa kujibu atakurudisha nyumbani ukamuulize mwanamke mkongwe kuliko wote katika ukoo. Alisema wanaume hukumbuka majina ya kujivunia, lakini wanawake hukumbuka nani alimnyonyesha nani, nani aliachwa, na nani alikufa akijifungua.

Wala usimuulize mkongwe mwaka. Muulize jambo. Mamake alikuwa na umri gani reli ilipoanza kujengwa? Hiyo ni 1896. Je, vita vya Wagiriama na Waingereza? Hivyo ni 1914. Rupia ilipoondoka zikaja shilingi ni mwanzo wa miaka ya 1920, na daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, ni 1931. Kwa njia hiyo niliwahi kumwona akipata umri wa bibi mmoja ambaye kitambulisho chake kilimpunguzia karibu miaka kumi.

Karatasi za zamani zina tarehe za Hijria, na hapo wengi hukosea. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hivyo huwezi kutoa hesabu moja kwa miaka yote. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, na 1318 ukaanza Mei 1900. Ukikosea hapa unaweza kumfanya mtoto mkubwa kuliko mamake.

Halafu majina. Sisi tulikuwa tukiitwa kwa mnyororo, fulani bin fulani bin fulani, na mwisho nisba ya kabila au mji. Karani wa Kizungu akachukua mawili au matatu, tena kwa herufi alizosikia mwenyewe. Mtu mmoja ni Muhammad katika hati ya ndoa, Mohamed katika hati ya shamba na Mahomed kwenye orodha ya kodi, nasi wajukuu tukadhani ni ndugu watatu. Ndiyo maana Maalim alikuuliza pia taifa lako. Katika Thenashara Taifa za Mombasa, kujua kwamba babu alikuwa Mkilindini au Mjomvu hukuonyesha mitaa na makaburi ya kuanzia.

Baada ya hayo ndipo alipokutuma kwenye makaratasi. Mahakama ya Kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi. Tume ya Wakfu, kwa sababu aliyeweka wakfu nyumba huenda aliwataja watoto wake. Hifadhi ya Nyaraka, Nairobi. Lakini zaidi ya zote alipenda majalada ya ardhi. Sheria ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi hapa Pwani alete madai yake na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Wengi waliumia, na kidonda hicho hakijapona. Walioweza kwenda, lakini, walikwenda na mashahidi wakaeleza shamba walilipata kwa nani.

Yule mama wa Kisauni, wazee wake walikuwa watu wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa utumwani. Maalim, Mwislamu wa kanzu na kofia, alifuatana naye kuomba kuangalia vitabu vya ubatizo. Walipata jina moja, lile alilopewa babu wa babu yake siku ya kubatizwa. Jina alilokuwa nalo kabla ya jahazi halikuandikwa.

Mimi nilimpelekea karatasi ya ndoa iliyokuwa katika kasha la nyanya, ya mwaka 1318. Kwetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mamake nyanya alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Hadhramaut, na jina la mfanyabiashara huyo tulilijua sote. Maalim aliisoma akanyamaza. Kisha akanisogezea niisome mwenyewe, herufi kwa herufi. Jina la mfanyabiashara lilikuwapo. Lakini pale nilipotarajia "binti" paliandikwa "huru wa".

Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907. Mamake nyanya alikuwa ameachwa huru na bwana wake kabla ya hapo, akaolewa, na karatasi ikamtaja kwa jina la bwana kwa sababu jina la babake hakuna aliyeliuliza. "Huyu ndiye mamako," Maalim akaniambia. "Yule mwingine alikuwa na wajukuu wake."

Mjomba wangu aliniambia niichome. Nilipokataa alikaa miaka minne bila kuingia nyumbani kwangu. Maalim hakuingilia. Alinionya tu nisiipeleke karatasi ikabanwe plastiki, kwa kuwa joto huharibu wino na plastiki haitoki tena. Niikunjue, niiweke ndani ya bahasha safi mbali na unyevu, nipige picha mchana karibu na dirisha, na nyuma nisiandike kitu.

Siku ya khitma mjomba alikuja, akaketi na wanaume. Anatembea kwa bakora sasa. Wakati wa kuondoka aliniita kando akaniuliza kama ile karatasi ingalipo. Nikamwambia ipo kashani. Amesema atakuja Ijumaa baada ya sala, nimsomee.