Babu Askari Katika Foto ya Zamani

Katekista mmoja wa upande wa Bunia alituletea foto, pembe yake moja imeliwa na mende. Ndani yake wamo maaskari kumi na mmoja wa Force Publique. Shangazi yake alizaliwa mwaka 1941, baba yake akiwa katika vita ya Abisinia, wala baba hakurudi. Mama huyu sasa ni mzee sana, naye anaomba neno moja tu: aonyeshwe uso wa baba yake. Wajukuu wanabishana. Hawa wanasema ni yule anayeketi katikati, hawa yule wa mwisho kuume.

Tusikimbie kujibu. Tukimwonyesha mzee baba asiye wake, nani atakwenda kumwambia kwamba tulikosa?

Kwanza tugeuze foto. Mara nyingi nyuma yake pana tarehe, jina la mahali, au muhuri wa mpiga picha. Hii haikuwa na kitu ila doa la chai.

Kisha nguo. Zamani maaskari hao walivaa koti la buluu na kofia nyekundu. Wakati wa vita ya 1914-1918 kaki ikashika nafasi ya buluu. Lakini tujihadhari na rangi. Filimu nyingi za zamani hazikuona nyekundu, ziliifanya nyeusi, na buluu ikatoka karibu nyeupe. Koti lionekanalo jeupe katika foto laweza kuwa ni la buluu! Afadhali kutazama mifuko, ukosi na mshipi kuliko weupe na weusi.

Halafu cheo. Jamaa walichagua yule wa katikati kwa kuwa, walisema, babu alikuwa kapiteni. Haiwezekani: kabla ya mwaka 1960 hakuna Mkongo aliyekuwa ofisa katika Force Publique. Tukauliza wazee, wakasema babu alikuwa kapita wa wafanyakazi huko Kilo kabla ya kuingia jeshini. Kapita, kapiteni: neno lilikua pamoja na wajukuu.

Kuhusu vita yenyewe, vikosi vya Kongo vilipita Sudani, vikapigana Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 Jemadari Gazzera wa Italia alijitoa kule Saïo mbele ya Jemadari Gilliaert. Majina hayo tuyasikilize vizuri wazee wanaposimulia, hata wakiyatamka kwa namna yao.

Lakini msaada mkubwa ulitoka katika kabati ya misioni. Karani wa jeshi aliandika jina la askari jinsi alivyolisikia. Padri aliandika jina la ubatizo, kijiji, wazazi na mashahidi. Katika kitabu cha ndoa tulikuta shahidi wa babu, naye askari. Tukawatafuta wajukuu wa shahidi huyo. Walikuwa na foto ileile ukutani, na nyuma yake majina kwa kalamu ya risasi, safu kwa safu.

Hata hapo palikuwa na shaka: majina yanaanzia kushoto kwa nani, kwetu au kwao maaskari? Wajukuu walimjua babu yao kwa kovu la shavuni. Tukahesabu kutoka kwake, na babu wa katekista akaangukia wa pili kushoto kwetu, mtu ambaye hakuna aliyemtaja katika mabishano yote.

Shangazi aliiweka foto magotini, akaomba aletewe miwani.