Maji Moto ya Songwe: Tunakwenda Kufuata Nini?



Kila mwaka baada ya mavuno, vikundi vya Ibaba, wilayani Ileje, hutuletea ombi lile lile: "Tupelekeni maji moto." Katika ziara yetu ya mwisho bibi mmoja alipanda gari akiwa na dumu tupu la lita ishirini. Tulipomuuliza, alisema miguu yake ataikanda huko huko, lakini maji ya kwenye dumu ni ya mjukuu wake, ambaye yuko kwenye dawa za kila siku na amechoka kuzimeza.

Kwa sababu ya dumu lile tumeona vema kueleza katika toleo hili maji yale ni nini, yanaweza nini, na yasitegemewe kwa lipi.

Songwe ipi?

Watu wa Ileje wanapotaja Songwe, wengi wanafikiria mto wa mpakani na Malawi, unaoingia Ziwa Nyasa. Chemchemi tunazozizungumzia ziko kwenye Songwe nyingine, ile inayoelekea kaskazini na kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Kutoka Ibaba tunashuka milima ya Undali hadi barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kisha tunaelekea bondeni, upande wa kaskazini wa barabara hiyo. Jirani yake yako mapango ya popo, ambayo nayo yanastahili kutembelewa.

Joto linatoka wapi?

Mvua inyeshayo milimani haiishii yote mitoni. Sehemu yake hupenya ardhini kupitia nyufa za miamba. Bonde la Rukwa ni tawi la Bonde la Ufa, na hapa nyufa hizo ni ndefu na za kina. Kadiri unavyokwenda chini ndivyo ardhi inavyozidi kuwa na joto: kwa kawaida nyuzijoto 25 hadi 30 kwa kila kilometa moja, na katika Bonde la Ufa huweza kuzidi hapo. Maji yakishapashwa huko chini hupanda tena kupitia nyufa nyingine. Pale Songwe baadhi ya chemchemi hufikia nyuzijoto 80 hivi. Maji ya namna hiyo huunguza ngozi mara moja.

Yakiwa njiani maji hayo huyeyusha madini ya miamba. Yana hewa ya kaboni nyingi, ambayo huyawezesha kubeba chokaa. Yanapotokea juu, hewa hiyo hutoroka na chokaa hubaki, kama ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Kwa maelfu mengi ya miaka ukoko huo umejenga kuta na ngazi za mawe meupe tunazoziona bondeni. Kwa hiyo mgeni asishangae kukuta viwanda vya saruji na chokaa ukanda huu.

Wazee wetu na maji ya madini

Si jambo geni kwa watu wa mkoa huu kuishi kwa maji yenye madini. Kule Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi na kupata chumvi ya kupikia na ya biashara mamia ya miaka kabla ya wakoloni. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba hapo miaka ya 1960 na kukuta mabaki ya kazi hiyo.

Nchi nyingine nazo zina hadithi zao. Addis Ababa ilianzishwa mwaka 1886 karibu na chemchemi za moto za Filwoha, ambako watu wa jumba la kifalme walikwenda kuoga. Huko Kanada, katika tambarare za nyasi za jimbo la Saskatchewan, liko ziwa dogo liitwalo Little Manitou. Kama Rukwa, halina mto unaotoka. Maji hupungua kwa jua na chumvi hubaki. Chumvi imekuwa nyingi kiasi kwamba mtu huelea bila kujua kuogelea. Wenyeji wa asili waliliheshimu kama mahali pa uponyaji, na tangu miaka ya 1920 kijiji kilicho kando yake kimekuwa kikipokea wageni wanaokuja kuoga na kupumzika.

Yanaponya?

Tujibu kwa uaminifu. Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo. Mkulima aliyeinama msimu mzima atapata nafuu ya kweli, na hilo si jambo dogo. Lakini kinachofanya kazi kubwa ni joto lenyewe. Hayaui virusi wala vimelea vilivyo ndani ya mwili, hayaondoi kisukari, hayashushi presha ya kudumu.

Tumekwisha kujifunza kwa uchungu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Miongoni mwao wako walioacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamepona. Imani haikuwalazimisha kuacha dawa. Walikosa mtu wa kuwaeleza mapema.

Tena, maji ya moto ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo, mtoto anayeyanywa kwa muda mrefu huota meno yenye madoa ya kahawia, na yakizidi sana mifupa hudhurika. Kuchemsha hakuondoi floridi.

Ukienda, zingatia haya:

- Usiingie wala kutumbukiza mguu kabla ya kumuuliza mwenyeji ni wapi maji yamepoa.
- Kaa mbali na kingo za chemchemi. Ukoko wa chokaa huweza kuvunjika.
- Shika watoto mkono muda wote.
- Wajawazito, wenye presha, wenye ugonjwa wa moyo na wenye kisukari wamuulize mganga wa kituo cha afya kwanza. Mwenye kisukari huweza kuungua mguu bila kusikia.
- Beba maji yako ya kunywa.
- Endelea na dawa zako kama ulivyoandikiwa.
- Usiache taka, na nunua chakula kwa akina mama wa pale.

Kuhusu hili la mwisho, tunaamini chemchemi zikitunzwa zinaweza kuwapa vijana wa bondeni kazi ya kuongoza wageni. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania nayo imekuwa ikifanya utafiti eneo hili, kwa ajili ya umeme na matumizi mengine ya joto. Ni vizuri vijiji vijipange mapema.

Na lile dumu? Tuliongea na bibi kando ya maji, miguu yake ikiwa imetulia kwenye kidimbwi kilichopoa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu mtoto nimwambie nini?" Tulimshauri aende naye kliniki amweleze mhudumu kwamba mtoto amechoka, kwa sababu kuchoka dawa nako kunahitaji msaada. Alirudi Ibaba na dumu tupu. Siku ya kliniki iliyofuata alimpeleka mjukuu wake mwenyewe.