Alkoholi Katika Injini Yenye Nguvu Kubwa

Viwanda vya sukari, kama kile cha TPC huko Arusha Chini, kusini ya Moshi, hubakiwa na molasi. Molasi ikichachushwa na kukenekwa hutoa ethanoli, yaani ile alkoholi iliyomo katika pombe. Nchini Kenya, ethanoli ya Muhoroni ilichanganywa na petroli, sehemu moja katika kumi, tangu mwaka 1983 hadi 1993, na magari ya kawaida yakaitumia. Mambo hubadilika fundi wa Arusha atakapo kuitumia ikiwa karibu tupu katika gari la mashindano lenye nguvu za farasi 300.

Tamaa hiyo ina sababu. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Injini hupungukiwa pumzi. Tabo huishindilia hewa, lakini hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na petroli huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga. Ethanoli hustahimili mgandamizo zaidi, na inapogeuka mvuke huipoza hewa iingiayo.

Gharama yake ni wingi wa mafuta. Kanuni ya mwako ni hii:

C₂H₅OH + 3O₂ → 2CO₂ + 3H₂O

Gramu 46 za ethanoli huhitaji gramu 96 za oksijeni, ambazo hupatikana katika gramu 417 hivi za hewa. Kwa hiyo gramu moja ya ethanoli hutumia gramu 9 za hewa, hali petroli hutumia 14.7. Kwa hewa ile ile, ethanoli itakiwayo ni karibu mara moja na nusu kwa ujazo. Ikiwa injini hiyo ya farasi 300 hugeuza robo ya joto kuwa kazi, petroli yake ni kama lita 100 kwa saa. Ethanoli hukaribia 153.

Hapo ndipo injini nyingi huharibika. Fundi akiacha pampu na nozeli za zamani, mafuta huwa haba kuliko hewa, joto hupanda, na pistoni hutoboka katika dakika chache za kupanda mlima. Nozeli kubwa peke yake haitoshi: pampu lazima itoe lita hizo huku ikishindana na kanieneo ya tabo, na waya wake uwe mnene, kwani waya mwembamba hupoteza volti na pampu huzunguka polepole.

Mabomba ya mpira wa kawaida huvimba na kupasuka, zinki huliwa. Uchafu wa miaka mingi tangini hung’oka na kuziba chujio, hivyo chujio la kwanza hubadilishwa mapema. Gongo, bila shaka, haifai: maji yake ni mengi mno.

Limebaki tatizo la asubuhi. Mvuke wa ethanoli hautoshi kushika moto chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na Julai, alfajiri ya Ngaramtoni huweza kuwa na baridi kuliko hiyo. Wabrazili, walioanza kuuza Fiat 147 ya alkoholi mwaka 1979, waliweka tangi dogo la petroli la kuwashia tu.