Mvua, Tope na Vifaranga vya Mikokoni

Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zimekatika, maji ya ndani kabisa ya hori la Gazi, kusini mwa Mombasa, hukolea chumvi kuliko bahari yenyewe. Maji ya bahari kwa kawaida yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo. Hori likikosa maji ya mto na jua likichoma, kiwango hicho hupitwa. Tena maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Kifaranga cha samaki kama chaa au changu hapo hutumia nguvu nyingi kuisawazisha chumvi mwilini, nguvu ambayo ingemkuza.

Masika yakiingia, mito ya Mkurumuji na Kidogoweni, inayoingia horini, hujaa. Chumvi hupungua, rutuba hushuka na maji, vijimea vidogo vya kijani huongezeka, na wadudu wa majini wanaovila huwa chakula cha vifaranga. Kisha kuna tope, ambalo wengi hulidharau. Kolekole na mzia huwinda kwa macho. Maji yakichafuka, kifaranga hawamwoni vizuri, na mizizi ya mkoko humficha. Mimi sikubaliani kabisa na wanaodhani maji meupe ndiyo maji mazuri.

Ila tope nalo lina kipimo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia na mikoko ikafa. Gharika kama hiyo haimnyimi kifaranga msimu mmoja tu. Humnyima maficho kwa miaka.

Wala samaki hawafanani. Mkizi na mwatiko hustahimili maji ya mto na ya chumvi. Changu wengi huelekea kwenye majani ya bahari, nje kidogo ya msitu wa mikoko. Na mvua ikiwa ileile, bamvua huwafikisha wadogo ndani kabisa ya mikoko, ilhali maji mafu huwaacha pembezoni.

Kwa hiyo anayehesabu vifaranga mwezi mmoja, kisha akatangaza kwamba hori limekufa au limepona, asiaminiwe. Hesabu ifanywe kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, kwa miaka kadhaa, na kipimo cha chumvi na cha mvua kiandikwe kando ya kila idadi.