TWIGA NA PRESHA: WATAALAMU WALISOMAJE MAAGIZO YA MWILI WAKE?



Kichwa cha twiga kiko kama mita 2 juu ya moyo wake. Ili damu ifike huko, moyo husukuma kwa nguvu sana, hata presha yake ni karibu mara mbili ya presha ya mtu mzima wa afya. Binadamu akikaa na presha ya namna hiyo, moyo na figo huharibika. Twiga yeye anatembea tu. Kwa nini? Wataalamu walitafuta jibu katika jeni zake.

Jeni ni nini?

Kila mfugaji anajua kwamba ndama hufanana na wazazi wake. Ndani ya mwili kuna maagizo ya urithi, ndiyo jeni. Ni kama yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kwa twiga, herufi hizo ni karibu bilioni 3. Kuzipata si lazima mnyama auawe. Damu kidogo inatosha.

Zinasomwaje?

Mashine zilizotumika zilisoma vipande vifupi vifupi tu. Hebu fikirieni daftari la mikutano ya kikundi chenu. Tuseme kuna nakala 50, na watoto wamezichana zote, kila moja kivyake. Kipande kimoja kinaishia "mweka hazina alipokea". Kingine kinaanzia "alipokea shilingi mia mbili". Neno "alipokea" liko pande zote mbili, basi mnajua vipande hivyo vinafuatana. Nakala ingekuwa moja tu, msingeweza kuunganisha. Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa mamilioni ya vipande.

Tena, daftari la kikundi jirani likifanana na lenu, mtaliweka kando mlinganishe. Kwa twiga, jirani huyo alikuwa ng'ombe, ambaye jeni zake zilitangazwa mwaka 2009.

Walipata nini?

Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Kati ya wataalamu hao walikuwamo Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Walisoma twiga wawili wa Kimasai, mmoja wa Maasai Mara kwetu Kenya na mwingine wa bustani ya wanyama huko Marekani. Walisoma pia okapi, ndugu yake twiga mwenye shingo fupi, anayeishi misitu ya Congo. Walipolinganisha, waliona jeni 70 za twiga zenye dalili za kubadilika kwa namna ya pekee. Zaidi ya nusu yake husimamia mifupa, moyo na mishipa ya damu, au neva.

Moja inaitwa FGFRL1. Mwaka 2021 watafiti wengine walitangaza kwamba waliwapa panya jeni hiyo ya namna ya twiga, kisha wakawapa dawa ya kupandisha presha. Panya wa kawaida waliumia moyo na figo. Wale wenye jeni ya twiga hawakudhurika hivyo, na mifupa yao ilikuwa imara zaidi.

Basi, tule nyama ya twiga?

Hapana! Jeni ukiila husagwa tumboni kama ugali. Haiwi yako. Wanaouza nyama au uboho wa twiga kama dawa wanawadanganya watu, na kumwinda ni kuvunja sheria. Majaribio yale yalikuwa ya panya, si matibabu ya watu. Mwenye presha aende kliniki apimwe, ameze dawa alizoandikiwa bila kuruka siku, na apunguze chumvi.

Twiga akiuawa, nyama huisha kwa siku chache. Akiwa hai, bado kuna mengi ya kusoma kwake.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni nani kati yetu hajapimwa presha mwaka huu? Tutamsaidiaje afike kliniki?
2. Je, kuna watu wanaouza "dawa" za wanyama wa porini hapa kwetu? Tutawaambia nini majirani?