Kushuka Kitonga na Tani 50

Lori likianguka mlimani, sababu huandikwa kwa maneno mawili: breki zimefeli. Askari wa usalama barabarani husema hivyo, gazeti la kesho yake husema hivyo, na dereva akinusurika naye husema hivyo hivyo. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mara nyingi breki hizo zilikuwa zimeshamalizwa kilomita kadhaa nyuma, kule juu, dereva alipoanza kuteremka na gia isiyofaa. Leseni ya daraja E inamruhusu mtu kushika usukani wa gari hilo. Haimwambii kwamba kwenye lori la masafa marefu karibu kila jambo huamuliwa kabla halijahitajika, na kwamba ukisubiri lihitajike umeshachelewa.

Tuchukue Kitonga, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Anayetoka Dar es Salaam anaupata mlima huu akipanda, baada ya Ruaha Mbuyuni, na kupanda hakuna siri kubwa: gia zinashushwa, injini inanguruma, foleni inajipanga nyuma, wenye magari madogo wanalaani. Kazi iko kwenye kurudi, gari linapotoka Zambia au Kongo na shaba.

Shaba humdanganya mgeni. Tani 30 za shaba safi, zikipangwa bila kuacha nafasi, hazifiki hata mita za ujazo 4. Kwenye tela refu marobota ya shaba yanalala chini kabisa, utadhani watu wameacha kupakia katikati ya kazi. Utingo aliyepewa usukani kwa mara ya kwanza anatupa jicho kwenye kioo, anaona tela kama tupu, na mguu wake unayaamini macho yake. Wakati huo kichwa, tela na mzigo ni karibu tani 50.

Hesabu yake ni hii. Gari la tani 50 likishuka mita 100, namaanisha mita 100 za kimo na si za barabara, linatoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji. Nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu ndogo huchukuliwa na tairi na upepo unaopigana na gari, na iliyobaki hugawanywa kati ya injini na breki. Ukiinyima injini fungu lake, breki zitabeba lote, tena zitalibeba kama joto.

Ngoma ya breki ikipata joto hutanuka, ikawa inazikimbia breki shuu zinazotakiwa kuibana kwa ndani. Fimbo inayosukumwa na upepo kutoka kwenye chemba inalazimika kwenda mbali zaidi ili kuzifikisha, na urefu wa safari yake una mwisho. Papo hapo lainingi nazo, joto likizidi kiwango chake, zinaacha kushika. Basi dereva anakanyaga, anasikia upepo ukifanya kazi, geji mbele yake inasema upepo umejaa, na gari linazidi kukimbia. Kesho yake fundi anakagua ngoma zikiwa zimepoa, na huenda akazikuta breki zile zile zinashika vizuri tu.

Wanafunzi wengi hapa wanachanganya mambo mawili. Wanachoogopa ni kuishiwa upepo, kana kwamba upepo ukiisha ndipo gari linakuwa huru. Kwenye lori la kisasa mambo ni kinyume. Breki ya kuegesha inafungwa na springi nzito, na kazi ya upepo ni kuizuia springi hiyo isifunge. Upepo ukipungua, kwanza kengele inalia, na ukizidi kushuka springi zinafunga zenyewe, gari linasimama litake lisitake. Kusimama hivyo kwenye kona ni balaa ya aina yake, lakini siyo inayowapeleka watu korongoni. Inayowapeleka korongoni ni upepo mzima na ngoma zilizoungua.

Kwa hiyo gia huchaguliwa kileleni, kabla pua ya gari haijainama. Madereva wa zamani husema ushuke mlima kwa gia ambayo ungeupandia. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ingawa lori jipya lenye injini ya nguvu linaweza kupanda kwa gia ndefu kuliko inayofaa kushukia, kwa hiyo wakati mwingine inabidi ushushe zaidi. Anayesubiri mpaka gari lishike kasi ndipo atafute gia ndogo ana hatari ya kuikosa: anatoa gia, ile mpya inagoma kuingia, na sasa ana tani 50 zisizoshikwa na injini. Breki ya eksozi, au retada kwa gari lililo nayo, iwashwe mapema. Mvua ikinyesha na tela likiwa tupu, itumiwe kwa adabu, maana inashika magurudumu ya kichwa peke yake, na tela linaweza kukisukuma hadi viwili hivyo vikunjane.

Breki ya mguu nayo ina namna yake ya kukanyagwa. Kuna wanaoweka mguu juu yake kidogo kidogo muda wote, na kuna wanaoipiga haraka haraka. Wa kwanza wanazipika ngoma bila kuzipa nafasi ya kupumua, wa pili wanamaliza upepo kuliko kompresa inavyoujaza. Mafunzo ya leseni za magari mazito ya Marekani yanatoa utaratibu ambao mimi huufundisha vivyo hivyo: jiwekee mwendo wa mwisho, tuseme kilomita 30 kwa saa. Ukiufikia, kanyaga kwa uthabiti kama sekunde 3 mpaka mwendo upungue kwa kilomita 8 hivi, kisha achia kabisa. Gari likirudi kwenye 30, rudia. Kama gia ni sahihi, utarudia mara chache. Ukiona unarudia kila kona, gia ni kubwa mno, na ushauri pekee uliobaki ni kusimama mahali salama wakati breki bado zinakusikiliza.

Halafu kuna nyutro. Hakuna dereva mpya asiyefundishwa na mwenzake kuachia gari nyutro kwenye mteremko ili kubana mafuta, na wanaofundisha hivyo si wajinga. Tajiri anatoa mafuta kwa hesabu ya safari, yanayobaki ni ya dereva, na posho peke yake haitoshi kusomesha watoto. Lakini hesabu yenyewe ni ya zamani. Kwenye injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, gari likiteremka ndani ya gia huku mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inabaki peke yake na inahitaji mafuta ili isizime. Kwenye mteremko mkali, basi, mwenye nyutro ndiye anayechoma mafuta, na mwenye gia hachomi. Ningependa matajiri nao waisome aya hii, kwani utaratibu wa kumlipa dereva kwa kile alichobana ndio unaoiweka nyutro hai.

Mkifika chini, simama, lakini usimwache utingo akimbie na ndoo. Kumwagia maji ngoma iliyoiva ni kuipasua. Acheni gari lipoe lenyewe, na wakati huo dogo alizunguke na nyundo. Tairi zuri likigongwa linajibu kwa mlio mkavu na nyundo inaruka. Lililopungua upepo linatoa mlio mzito, nyundo inazama. La kuangaliwa zaidi ni lile la ndani kwenye jozi, kwa sababu likiisha upepo mwenzake analibeba na kutoka kwenye kiti huoni chochote. Yanaendelea kusuguana mpaka moshi uanze, na moto wa tairi hauzimwi na kizimamoto kidogo cha kwenye kebini. Utingo anayejua mlio wa matairi yake yote ana thamani kuliko redio.

Uzito nao huamuliwa mapema, pale pa kupakilia. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli ya usukani isizidi tani 8, mbili za nyuma ya kichwa zenye tairi nne nne zisizidi tani 18, tatu za tela tani 24. Jumla ni tani 50 kwa semi ya ekseli 6, na gari lolote la kawaida halivuki tani 56. Mgeni hutazama jumla. Mzani hautazami jumla peke yake, na hapo ndipo watu wanapozozana na maofisa pale Vigwaza: karatasi inasema uzito upo sawa, ila marobota yamesogezwa mbele mno, ekseli za kichwa zimezidi, na faini ni halali. Shaba inahitaji kamba na mikanda ya kutosha kwa sababu hiyo hiyo. Ni nzito, inateleza, na kila ukifunga breki kwa nguvu inataka kuja mbele.

Sheria hiyo haina chuki na wafanyabiashara. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba madhara kwa lami hayaongezeki sambamba na uzito wa ekseli. Yanakua takriban kwa kipeo cha 4. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 inaumiza barabara mara 2, na iliyobeba maradufu inaiumiza mara 16. Mifereji mnayoiona kwenye lami sehemu za kupandia milima, inayovuta usukani kushoto na kulia, ni kazi ya malori mazito yanayotambaa juani. Wazee waliopeleka mafuta Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 waliipita njia hii kabla haijawekwa lami, kwenye vumbi na tope, na tabu yao haifanani na yetu. Hata hivyo, mfereji wa lami ukiwa na maji ya mvua nao si wa kuchezea.

Ukivuka Tunduma, Zambia inaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mwili haushtuki. Unashtuka Kasumbalesa. Kongo inaendesha kulia, na lori lako lina usukani upande wa kulia, maana yake umekaa ukingoni mwa barabara. Ukitaka kulipita gari lililo mbele, jicho lako halioni kitu mpaka sehemu kubwa ya kebini iwe imeshaingia kwenye njia ya wanaokuja. Anayeona ni utingo. Mazungumzo huwa mafupi. "Ngoja mzee, linakuja jingine." Kimya. "Bado." Kimya. "Haya mzee, toka." Dereva anakabidhi maisha yake kwa kijana ambaye huenda jana alimfokea kwa kuchelewesha chai. Kwa maoni yangu, mpaka mkubaliane maneno na kila mmoja ajue "bado" ina uzito gani, msipite gari lolote. Taa za lori lililo mbele nazo zisikutoshe. Ni desturi dereva kuwasha indiketa kukuonyesha kama njia ni nyeupe, lakini indiketa hiyo hiyo ndiyo ya kukunja kona, na wewe huna namna ya kujua alikusudia ipi.

Usingizi nitautaja kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anajua ubaya wake na bado analala kwenye usukani. Mwili unalegea zaidi kati ya saa 8 na saa 11 usiku, hata wa mtu aliyepumzika mchana. Kahawa inauchelewesha usingizi, mirungi inamfanya mtu asijue kuwa amechoka. Ulinzi wa kweli ni kujua kabla ya magharibi utalala wapi, kwa sababu saa 8 usiku maegesho ya maana yameshajaa.

Kilichobaki ni siku ya kukabidhiwa gari. Kijana anakuwa na furaha, anaweka saini kwenye kitabu na kuomba funguo. Kabla ya saini, jaza upepo mpaka kompresa ikate, mwaga maji yaliyomo kwenye matangi ya upepo, weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini, achia hendibreki, kisha kanyaga breki na ushikilie. Sindano ya geji ikishatulia, kwa kipimo cha Marekani isishuke zaidi ya pauni 4 ndani ya dakika moja kwa kichwa na tela. Ukiwa umeshikilia hivyo, utingo azunguke akisikiliza kila chemba na mabomba yanayounganisha tela. Akisikia mlio wa upepo, mwite fundi palepale uwanjani, mlango wa tajiri ukiwa bado wazi. Fundi akikwambia litatengenezwa huko huko njiani, mwombe aliandike hilo kwenye kitabu, juu ya saini yako.